Mwanafunzi mwenye kipawa Darasa la Tano: mwalimu wa elimu maalumu amsaidieje?

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Walimu wenzangu, heshima kwenu. Nina mwanafunzi wa Darasa la Tano ambaye humaliza mazoezi ya sehemu kabla sijamaliza kuyaandika ubaoni, kisha hubaki akichora pembezoni mwa daftari au kuwasumbua wenzake. Wazazi wake wanasema tusubiri afaulu Darasa la Saba apangiwe shule ya vipaji maalumu kama Mzumbe au Kibaha. Shuleni tuna mwalimu wa elimu maalumu, lakini tumezoea kumpelekea watoto wenye uoni hafifu na wenye ulemavu wa akili tu. Je, mtoto huyu naye anamhusu?

Mwalimu wa elimu maalumu, Arusha
Anamhusu sana, Mwalimu, na kusubiri hadi Darasa la Saba ni kumpotezea muda mtoto aliyekwisha kuchoshwa. Shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala, huchukua wachache waliong'ara kwenye mtihani, ilhali kipawa hakipimwi kwa alama peke yake. Joseph Renzulli, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alieleza mwaka 1978 kwamba katika kipawa hukutana mambo matatu: uwezo uliozidi wastani, ubunifu, na ari ya kuishikilia kazi.

Mimi huanza kwa kumpa mtoto jaribio la mwisho wa mada kabla mada yenyewe haijafundishwa. Anayoyamudu tunamwondolea, mimi na mwalimu wa somo tukiwa tumekubaliana, na muda uliopatikana tunaujaza kazi yenye kina. Tafadhali usimwongezee maswali ishirini ya aina ile ile, kwani kwake hiyo ni adhabu ya kuwahi kumaliza. Akishajua kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, mwonyeshe kuwa 3/4 ni 1/2 + 1/4, na kwamba 2/5 ni 1/3 + 1/15, kisha muulize kama kila sehemu iliyo ndogo kuliko 1 inaweza kuandikwa hivyo, kwa kujumlisha sehemu tofauti ambazo kiasi chake (namba ya juu) ni 1. Mwache ahangaike nalo wiki nzima na aandike kila njia aliyoijaribu, hata iliyokwama. Mwalimu wa elimu maalumu akae naye amhoji kuhusu njia hizo bila kumpa jibu.

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Huku Kenya, sera ya elimu ya mahitaji maalumu ya mwaka 2009 iliwataja wenye vipawa na vipaji miongoni mwa wanafunzi wanaostahili huduma hiyo. Ningeongeza kwamba mwalimu huyo awaangalie pia wasiomaliza haraka. Nilimfundisha msichana aliyeeleza sayansi kwa mdomo kwa ufasaha wa ajabu, lakini tahajia yake ilimfanya aonekane mzito darasani. Kipawa na ugumu wa kusoma vinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja, kimoja kikakifunika kingine.

Mzazi, Dodoma
Naomba kuuliza, kwa nini asirushwe darasa tu?

Mwalimu wa elimu maalumu, Arusha
Inawezekana, ndugu mzazi, lakini achunguzwe kwanza katika masomo yote, kwa kuwa anayewatangulia wenzake katika Hisabati huenda yuko sawa nao katika Kiingereza. Mara nyingi inatosha ahudhurie kipindi cha Hisabati cha Darasa la Sita na kurudi kwa wenzake, mradi ratiba za madarasa hayo mawili zioanishwe, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anataka.