Hisa nizishike, niongeze, au nihamie hati fungani?

FundiLangoni (Lamu, Oktoba 2023)
Assalam alaikum jamaani. Mwaka 2021 nilinunua hisa 1,000 za Safaricom kwa shilingi 38. Leo zinacheza kwenye 13. Nimemaliza milango ya nyumba moja Shela, mkononi nina 80,000. Niongeze hisa sasa ziko chini, ninunue hati fungani za serikali (yaani niikopeshe serikali kwa riba), au nitulie? Semeni taratibu, mimi ni fundi wa mbao.

Bamvua_254
Ongeza zote kaka! Bei hii huioni tena. Kuna kundi nimo, jamaa mmoja asema Desemba zafika 25.

MamaMaweni (Malindi)
Mwanangu Bamvua, huyo jamaa ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wanaosimamia washauri wa uwekezaji? Akikosea atamlipa Fundi? Nawe Fundi, katika hiyo 80,000, ngapi ina kazi yake tayari?

FundiLangoni
Karo ya Januari 30,000, bi. Na mbao za kazi ijayo, kama 20,000.

MamaMaweni
Basi pesa ya kuwekeza ni 30,000. Hati fungani za kawaida zaanzia 50,000, na zile za miundombinu, ambazo riba yake haikatwi kodi, 100,000. Kwa hiyo huko bado hujafika. Karo usiipeleke sokoni kabisa, Januari haingoji bei ipande.

Zile hisa 1,000 ni swali jingine. Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, la mwaka wa fedha uliopita lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Toa kodi ya 5%, wabaki na 1,140. Kwa bei ya leo si haba, lakini mwaka wa kabla yake lilikuwa 1.39, na biashara ya Safaricom kule Ethiopia bado yala pesa. Mimi mwenyewe ninazo, sina leseni ya kumshauri mtu, kwa hiyo usinisikize peke yangu.

Amu_Mkomani
Mimi riba siigusi, ndiyo maana niko kwenye hisa. Julai sukuk ya Linzi, kama hati fungani lakini isiyo na riba, iliingia soko la hisa la Nairobi, ila ni ya miaka 15. Fundi, hiyo si pesa ya mbao.

MzeeWaNgomeni
Wanangu, 2008 hisa hizi zilipouzwa mara ya kwanza kwa shilingi 5, nilikopa benki 100,000. Waombaji tulikuwa wengi mno, sisi wadogo tukapewa kama 21% ya tulichoomba. Pesa zilizobaki zikarudishwa baadaye, na riba ya mkopo ikahesabiwa kwa zote. Bei ikashuka chini ya 3, nami nadaiwa, nikauza. Miaka 13 baadaye zikapita 40. Jirani yangu aliyenunua kwa pesa ya samaki, asiyedaiwa na mtu, alikuwa nazo bado. Mpaka leo nikimwona barazani nageuza njia!

Bamvua_254
Ami, kwani mimi nimesema akope?

MzeeWaNgomeni
Hukusema. Ila karo ikiliwa, atakopa kwa nani?

FundiLangoni
Ahsanteni. Za zamani nazishika, sidaiwi. Karo na mbao naziweka kando leo hii. Ile 30,000 sijaamua. Labda ninunue hisa za 5,000 kila mwezi hadi Machi, nione. Bi Maweni, wakala wako wa hisa anakata kiasi gani kwa kila ununuzi? Wangu ana ada ya chini kabisa hata ukinunua kidogo, naona vipande vidogo vitaliwa na ada.

MamaMaweni
Hapo umeuliza. Wangu pia anayo. Nunua mara mbili, si sita.