Mafundi na wadau wa Linux Arusha na Moshi: acheni kufomati kompyuta za watu, na acheni kuficha majibu inboksi

Wakuu, nashusha uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mods (wasimamizi wa jukwaa) wasiuunganishe na uzi mwingine wowote.

Tunaotumia Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa kwenye kompyuta badala ya Windows, huku kaskazini tunajuana. Kuanzia Sakina mpaka Usa River, kuanzia Pasua mpaka Himo, wengi tumo kwenye magrupu yale yale ya WhatsApp na Telegram. Mtu akileta shida humo, jibu la kwanza ni "fomati tu". La pili ni "rudi Windows, Linux si ya kazi". La tatu, ambalo linaniuma kuliko yote mawili, ni "njoo inboksi". Hakuna aliyeuliza anatumia toleo gani. Hakuna aliyeuliza skrini imeandika nini. Watu wanatoa hukumu ya kunyonga bila kusikiliza kesi.

Kuna dada ana steshenari Moshi, jirani na stendi. Kompyuta yake ya mezani ina Linux Mint, na humo ndimo anamochapia barua, CV za watu, mihtasari ya vikao vya vikoba, mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Uliporudi, kompyuta ikagoma kuingia, ikabaki kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs na kialama kinachosubiri kuandikiwa. Akapiga picha kwa simu, akaiweka kwenye grupu. Picha hiyo ninayo. Juu kidogo ya lile neno, mashine yenyewe imeeleza kwamba mfumo wa faili ulioko /dev/sda2 unahitaji fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, iendeshwe kwa mkono. Imetaja patisheni, yaani sehemu ya diski. Imetaja amri. Alihitajika mtu mmoja tu asome, amwambie: dada, andika hivi, bonyeza Enter, ikimaliza andika exit.

fsck -y /dev/sda2

Basi! Grupu lina watu wanaosimamia seva za hoteli na kampuni za utalii, wapo wanaosomea kompyuta chuoni, wapo wanaojitangaza kila Jumatatu kwamba wanafunga mitandao. Akaambiwa afomati. Wawili wakamwita inboksi. Wateja wanamsubiri mlangoni, yeye anaogopa, akaamua kuibeba mashine kwa fundi. Fundi hakuuliza kuna nini ndani. Akapiga Windows isiyo na leseni juu ya diski nzima, akapokea hela yake, akamrudishia kompyuta tupu. Mihtasari ya vikoba vya kina mama, imekwenda. Mitihani ya walimu, imekwenda. Mpaka leo dada anawaomba radhi watu kwa kosa ambalo si lake.

Diski ilikuwa nzima. Niliipima baadaye kwa smartctl, hakuna sekta iliyohamishwa wala inayosubiri kuhamishwa. Nikajaribu PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ikatoa vipande. Programu hiyo inatambua faili kwa umbo la data yake, kwa hiyo majina na mafolda hayarudi; unabaki na lundo la nyaraka zenye namba badala ya majina, ufungue moja moja. Nyingine zilishafunikwa na ile Windows. Na hapo ni diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, diski isiyozunguka, kuna uwezekano mkubwa TRIM, amri inayoiambia SSD ifute data isiyotumika tena, ingekuwa imeshafagia kila kitu wakati wa kufomati, tusipate hata vipande hivyo.

Niwaeleze kilichotokea, kwa sababu kwa majibu mnayotoa naona wengi hamkijui. Umeme ukikatika ghafla, data iliyokuwa bado kwenye RAM inapotea kabla ya kufika kwenye diski, na majedwali ya mfumo wa faili yanaweza kubaki hayajakamilika. ext4, mfumo wa faili unaotumiwa na Linux nyingi, iliyoingia rasmi kwenye keneli (kiini cha Linux) toleo la 2.6.28 mwezi Desemba 2008, ina jarida lake: inaandika kwanza mabadiliko inayotaka kuyafanya, ndipo inayafanya. Kwa hiyo mara nyingi ukiwasha tena inalisoma jarida, inajirekebisha, wewe unaona kompyuta imewaka kama kawaida. Ikikuta jambo ambalo si salama kuliamua bila mwenye mashine, inasimama na kukuita. Na initramfs ni mfumo mdogo unaokaa kwenye RAM kabla diski kuu haijafunguliwa. Ukiuona, keneli ilishawaka. Kompyuta haijafa wala haijaoza, inakungoja wewe.

Diski ikiwa mbovu kweli, hapo fsck si hatua ya kwanza. Unainakili kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda diski nyingine, ndipo unahangaika na nakala. Lakini hata mtu asiyejua lolote kati ya hayo anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi ya Mint. Inawaka bila kugusa diski, unafungua mafolda, unahamisha kazi za watu kwenye diski ya nje, ndipo mnaanza kubishana kama mfomati au msifomati. Fundi anayepokea hela ya mtu akaruka hatua hiyo amefanya uharibifu, na sitaliita jina lingine.

Halafu kuna suala la bando, ambalo mnalipita kana kwamba kila mtu ana faiba nyumbani. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 peke yake lina zaidi ya GB 5, bado masasisho yake, bado programu zake. Mwanafunzi aliyepanga chumba Rau, anayeishi kwa bando la wiki, mnamwambia "pakua upya"! fsck ilishakuwemo ndani ya mashine yake tangu siku ya kwanza. Haihitaji hata intaneti.

Na wanaoumia wataongezeka. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo laptopu nyingi za mtumba tunazouziwa hapa Arusha hazina. Watu wanaletwa Linux na hali hiyo, si kwa sababu walikaa wakaisoma. Wanakuja wageni kabisa, wana ofisi ndogo, wana watoto wanaosoma, na mlangoni wanakutana na nyie.

Sio initramfs tu. Betri ya CR2032 kwenye mazabodi ikiisha, kompyuta ya mtumba ikichomolewa umeme inasahau tarehe. Ukiwasha, inadhani tuko miaka ya nyuma. Hapo apt, programu ya kusakinisha na kusasisha, inazikataa orodha za vifurushi kwa sababu zina tarehe ambayo kwake haijafika, na kivinjari kinakataa kurasa za https kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika. Kuna mtu wa Kaloleni alieleza dalili hizo zote, neno kwa neno, akajibiwa kwamba seva za Ubuntu zimekufa afute aweke toleo jingine. Angeambiwa aandike timedatectl angeiona tarehe kwa macho yake. Betri zenyewe zinauzwa kwenye vibanda vya mafundi saa.

Na wewe unayemwambia kila mwenye shida ya ruhusa aandike chmod -R 777 kuanzia mzizi wa mfumo, yaani amfungulie kila mtu kila faili, naomba ukome. Amri hiyo inaondoa alama ya setuid kwenye sudo, programu inayokupa mamlaka ya msimamizi, na bila alama hiyo haiwezi kukupa. Ikishatoka, sudo inakataa kufanya kazi, na mtu hana tena njia rahisi ya kurekebisha alichokifanya. Funguo za SSH, za kuingilia mashine nyingine kwa mbali, nazo zinakataliwa kwa sababu ziko wazi kwa kila mtu. Umemharibia kuliko alivyokuja, halafu akirudi kuuliza unamwambia nini? Afomati!

Sasa nije kwenye inboksi, maana hili la kufomati linalelewa na hilo. Humu kuna watu wanaojua. Yule dada angeweza kusaidiwa na nusu ya grupu. Lakini anayejua anamvuta mtu pembeni, anamtatulia huko, na kinachobaki hadharani ni "fomati tu" za wasiojua. Kesho mwingine wa Ngarenaro akipata shida ile ile, akitafuta kwenye grupu anakutana na makelele yale yale, hakuna hata mstari mmoja wa jibu. Jibu lipo, limelala kwenye simu za watu wawili.

Linux haikujengwa hivyo. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991 aliandika mbele ya watu wote, akauliza wangependa kuona nini. Debian, ambayo ndiyo mzazi wa Ubuntu, na kupitia Ubuntu ndiyo babu wa Mint mnayoitumia, ina Mkataba wa Kijamii uliopitishwa mwaka 1997, na ndani yake wameahidi kwamba hawataficha matatizo. Hifadhi yao yote ya ripoti za makosa iko wazi, mtu yeyote duniani anasoma. Kila mara unapopata jibu la shida yako kwa kutafuta Google, unakula matunda ya mtu aliyekataa kwenda inboksi. Wewe unakula, halafu wa nyumbani kwako unamfungia mlango.

Najua mtasema watu wanatafuta riziki. Sikatai hata kidogo! Fundi anayekwenda mpaka Tengeru, anakaa saa nzima na mashine, anaokoa faili, anaweka Timeshift (ya kurudisha mfumo ulivyokuwa) na nakala kwenye diski ya nje, alipwe tena alipwe vizuri. Mimi mwenyewe nawalipa mafundi. Ninachokataa ni kumtoza mtu kwa mstari mmoja ambao wewe ulipewa bure na mgeni wa nchi nyingine, na kumtoza kwa kumtisha kwamba kompyuta imeharibika.

Wenye shida nao wasijifiche nyuma yangu. "Linux yangu imekufa, msaada" si maelezo. Na wapo wanaosaidiwa vizuri, hadharani kabisa, halafu wanaandika "imekubali, asante" na kutoweka. Imekubali nini? Amri ipi kati ya zile ulizopewa? Wengine wanafuta hadi swali lenyewe ili wasionekane hawakujua. Mnawanyima wenzenu.

Ninachotaka kiko wazi. Kabla hujamjibu mtu, mwombe alete alichokiona. Kama mashine inawaka, mwambie aandike inxi -Fxz inayoorodhesha vifaa vya mashine, maana hiyo z inaficha namba za utambulisho za vifaa vyake, na alete journalctl -b -p err ili tuone makosa ya kuwaka kwa sasa. Kama amekwama kati, aongeze lsblk -f na df -h zinazoonyesha patisheni na nafasi iliyobaki, kwa sababu mara ngapi tumekuta ni /boot, sehemu ya faili za kuwashia, imejaa keneli za zamani na apt autoremove ingemaliza kazi? Kama haiwaki kabisa, apige picha ya skrini nzima, na wale wanaowafokea watu kwa kutuma picha waache, kwa sababu mtu aliyekwama kwenye initramfs hana njia nyingine ya kukuonyesha. Ukimpa amri, mwambie inafanya nini. Kama hujui, kaa kimya, mwachie anayejua. Viongozi wa magrupu, mwenye kuandika "njoo inboksi" bila kuweka jibu pale pale, mtoeni. Mnawatoa wanaotuma matangazo ya mikopo, na hawa wanaleta hasara kubwa zaidi.

Naanza mimi. Juzi kijana wa Sakina ameuliza kuhusu HP yake iliyopoteza Wi-Fi baada ya kusasisha, na tayari kaambiwa afomati. Kijana, usifomati. Zima, washa, gusa Esc mara tu nembo ya HP inapopotea, au shikilia Shift kama mashine yako ni ya BIOS ya zamani, mpaka uone menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha. Ingia kwenye chaguo za ziada, chagua keneli iliyotangulia ile mpya. Wi-Fi ikirudi, kadi yako ni nzima, ni draiva tu (programu inayoiendesha kadi) haikujengwa kwa keneli mpya. Rudi kwenye keneli mpya, unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti kupitia humo, halafu andika:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
dkms status
mokutil --sb-state
lspci -nnk

Ya kwanza inaleta vichwa vya keneli ambavyo draiva inavihitaji ili ijengwe. Ya pili inaonyesha kama imejengwa. Ya tatu inasema kama Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka, imewashwa, maana ikiwashwa inakataa draiva isiyosainiwa. Ya nne inataja kadi na draiva inayoitumia. Nakili majibu yote manne uyaweke hapa hapa chini ya uzi huu. Usinitumie inboksi, sitajibu huko.