Kapasuliwa mara tatu na anataka wa nne: nimshauri nini?

Mhudumu wa Shehia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nauliza kwa ajili ya mama mmoja huku Kaskazini Pemba. Umri miaka 33, watoto watatu, wote kwa operesheni. Ya kwanza mtoto alikaa vibaya, mbili zilizofuata zilipangwa. Wa mwisho ana miezi 14 na bado ananyonya. Yeye na mumewe wanataka wa nne. Mama mkwe anasema tatu ndio mwisho, ya nne kizazi kitachanika. Jirani naye anamwambia wapo waliopasuliwa mara sita na wazima. Kwenye karatasi yake ya mwisho imeandikwa kibofu kilikuwa kimeshikana na mji wa mimba. Hilo lina uzito gani? Na kabla hajashika mimba aangaliwe nini?

Mkunga wa Theta

Wa alaykum salaam. Hakuna kanuni ya udaktari inayosema tatu ndio mwisho. Lakini jirani naye asimfariji kwa mtu mmoja aliyepona, maana hatari hazipandi sawasawa kila operesheni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006, wa wanawake zaidi ya 30,000, ulionesha kwamba kondo la nyuma kung'ang'ania ndani ya nyama ya kizazi kulitokea kwa wasiofika 6 katika kila 1,000 kwenye operesheni ya tatu. Kwenye ya nne walifika kiasi cha 21 katika 1,000. Walioishia kutolewa kizazi walikuwa 9 katika 1,000 kwenye ya tatu na 24 kwenye ya nne. Ukiziangalia, wengi sana wanapita salama. Ila kati ya ya tatu na ya nne ndipo hatari inaporuka zaidi ya mara mbili, na huyo mama anasimama hapo hapo.

Kubwa kuliko hesabu ya operesheni ni pale kondo litakapokaa. Likikaa juu, mbali na kovu, mimba ya nne inaweza kwenda vizuri kabisa. Likikaa chini, likafunika mlango wa kizazi na kulalia kovu, basi katika utafiti ule ule wanawake 61 katika 100 waliokuwa kwenye operesheni ya nne walikutwa limeng'ang'ania. Sababu ni kwamba kwenye kovu ule utando wa ndani unaolizuia kondo lisizame umeharibika. Mizizi yake inaingia kwenye nyama, pengine inatokeza hadi kwenye kibofu. Mtoto akishatoka, kondo halibanduki. Ukilivuta, mishipa inabaki wazi, na mji wa mimba uliokomaa unapitisha nusu lita ya damu na zaidi kwa dakika moja. Ndio maana daktari akijua mapema halivuti kabisa: anamtoa mtoto, halafu anatoa kizazi na kondo likiwa ndani yake.

Kuhusu kibofu kushikana: kila upasuaji huacha nyuzi za kovu zinazogandisha viungo. Mara ya kwanza kibofu hushushwa chini kwa kidole na kitambaa. Mara ya nne huenda kimevutwa juu na kuganda mbele ya kizazi, na mpasuaji anakitenganisha kwa mkasi, kidogo kidogo. Inachukua muda, mtoto anachelewa kutoka, na kibofu kinaweza kutoboka. Kikitoboka kinashonwa, na mama anakaa na mpira wa mkojo wiki moja hadi mbili. Yote hayo yanatibika, ila yanamtaka mtu mwenye uzoefu. Kwa hiyo ile karatasi isipotee, iwe ndani ya kadi yake ya kliniki.

Jengine la kutafuta kwenye maandishi ya operesheni zote tatu: kizazi kilipasuliwaje? Usitazame kovu la ngozi, halisemi kitu, maana ngozi inaweza kukatwa mlalo na kizazi kikakatwa wima. Akiwa amewahi kukatwa wima sehemu ya juu ya kizazi, kovu hilo linaweza kufumuka hata kabla ya uchungu, na operesheni huwekwa wiki ya 36 hadi 37. Yakiwa yote ni mlalo chini na hakuna tatizo jengine, hupangwa wiki ya 39.

Na asubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi kushika mimba nyengine. Kwake bado miezi 10. Kunyonyesha hakumkingi tena: kinga ile ni ya miezi sita ya mwanzo tu, mtoto akinyonya maziwa peke yake usiku na mchana, na hedhi ikiwa haijarudi.

Maabara Chake

Nimeona wengi wanazungumzia kovu na kusahau damu. Huyo mama damu yake ijengwe kabla ya mimba, kwa sababu mimba yenyewe inaishusha. Apime wingi wa damu sasa hivi. Akiwa na mimba isiwe chini ya gramu 11 kwa desilita. Akikutwa nayo ndogo, msikimbilie vidonge tu bila ya kutafuta inakopotelea. Huku Pemba tunaijua safura na tunakijua kichocho: apime choo na mkojo, atibiwe kabla. Vidonge vya madini ya chuma avimeze kwa maji ya ndimu au chungwa, asivimeze na chai. Chai huzuia chuma kufyonzwa, na hapo ndipo wengi wanapopoteza dawa: wanameza na chai ya asubuhi, miezi mitatu damu haipandi, wanasema dawa haifai.

Pia ajue kundi lake la damu, chanya au hasi. Akiwa hasi, kuna sindano anayotakiwa kupewa mimba inapofika wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye kundi chanya. Na damu ya hasi haipatikani kirahisi popote. Familia itafute wachangiaji mapema, watu wazima wenye afya, waende kupimwa na kutoa kabla ya tarehe. Kaka anayekuja mbio usiku wa operesheni anaweza kukutwa hafai, na kuipima damu yake kunachukua muda ambao mgonjwa hana.

Nasaha za Uzazi

Naongeza la mume na mke kukaa pamoja. Waamue mawili kwa mara moja: kama watazaa wa nne, na baada ya hapo nini. Likiachwa hili la pili, mama huulizwa akiwa amelazwa kwenye meza, ganzi ishapanda, mume yuko nje. Huo si wakati wa kuamua jambo la maisha. Kufunga kizazi ni kwa kudumu, na wengi huku wana swali la dini. Masheikh wengi hutofautisha baina ya kupanga uzazi na kukata moja kwa moja, na wanaiangalia dharura ya kiafya kwa jicho jengine. Waende na maandishi ya daktari, wasiende na maneno ya kusikia. Wakitaka njia isiyo ya kudumu, kitanzi kinaweza kuwekwa hapo hapo kwenye operesheni, ndani ya dakika kumi baada ya kondo kutoka, na cha shaba kinakaa miaka kumi.

Kwa miezi hii ya kusubiri, kijiti, kitanzi na sindano ya miezi mitatu vyote vinafaa kwa anayenyonyesha. Sindano tu ina jambo moja: akiiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa. Kwa mwenye miaka 33 aliyekwisha kupanga muda wake, mie ningeshauri kijiti au kitanzi, kikitolewa uzazi unarudi mapema.

Mkaja, ile nguo ya kufungia tumbo baada ya kuzaa, nao usihesabiwe kuwa umeliponya kovu la ndani. Unasaidia tumbo kujihisi limeshikwa, basi. Kovu la kizazi linapona kwa muda.

Mhudumu wa Shehia

Allah awalipe kheri. Swali la mwisho: wanauliza kama altrasaundi inaweza kupima unene wa kovu sasa, kabla ya mimba, wajue lina nguvu au halina. Na akishika mimba, nimsimamie vipi akiwa kijijini?

Mkunga wa Theta

Kipimo cha unene wa kovu kabla ya mimba hakitoi jibu la kuaminika, hakuna milimita inayosema huyu salama huyu si salama. Asitoe pesa zake kwa hilo.

Akishika mimba, altrasaundi ya kwanza asingoje wiki ya 20. Aende wiki ya 6 hadi 8, kuona kama mimba imejishika kwenye kovu lenyewe. Ikiwa hivyo, inatakiwa rufaa siku hizo hizo. Ya pili wiki ya 18 hadi 20: mwombe mpimaji aandike kondo liko wapi, mbele au nyuma, na umbali gani na mlango wa kizazi. "Mtoto mzima" peke yake haitoshi kwa mama huyu. Likiwa chini, arudie wiki ya 32, maana mengi hupanda kizazi kinavyotanuka. Likibaki chini na mbele, juu ya kovu, apimwe na daktari bingwa wa uzazi na mahali pa kujifungulia pachaguliwe wakati huo. Ulizeni mambo matatu: bingwa yupo usiku, damu ya kundi lake ipo, na wako tayari kutoa kizazi wakilazimika. Ikikosekana moja, avuke kwenda hospitali ya rufaa Unguja mapema. Kondo lililong'ang'ania hujifunguliwa wiki ya 34 hadi 35, kwa hiyo ikifika ya 32 awe ameshavuka. Boti haingoji mtu anayetoka damu, na bahari ikichafuka haiondoki kabisa.

Kondo likiwa juu na mambo shwari, bado asikae kijijini hadi siku ya operesheni. Kuanzia wiki ya 36 alale kwa jamaa Chake, Wete au Mkoani, karibu na theta, na gari ya usiku ijulikane ni ya nani. Uchungu ukianza kabla ya tarehe, hata mwepesi, anaondoka. Asikandwe tumbo, na asipewe dawa yoyote ya miti ya kuharakisha uchungu, kwa sababu kizazi kikibana kwa nguvu mno kovu ndilo linaloachia. Damu nyekundu isiyo na maumivu ni ya kondo. Maumivu yanayobaki palepale kwenye kovu hata uchungu ukipoa, mtoto kuacha kucheza, au maumivu ya bega pamoja na kizunguzungu, hayo ni ya kovu kufumuka. Katika yote hayo, asile wala asinywe kitu njiani, na kadi aishike mkononi.