Kikundi cha Ukoo wa Bibi Mwanahawa: gari la Kassim (saa zote ni za Afrika Mashariki)

ALHAMISI

[19:04] Dada Mwajuma Dallas: Asalaam aleikum nyote. Kassim ameniandikia pembeni, nikamwambia jambo la pesa ya mfuko wa ukoo haliongelewi pembeni, alilete hapa. @Kassim lete.

[19:06] Shangazi Zainabu: Waaleikum salaam mwanangu. Poleni na baridi.

[19:06] Dada Mwajuma Dallas: Shangazi huku Texas ni jua kali tu. Kassim tunakusubiri.

[19:21] Kassim Houston: Shikamooni wakubwa. Ni hivi, nimepata gari. Dodge Charger Scat Pack ya 2016, maili 71,000, dola 22,500. Mimi nina 3,500. Naomba mfuko unikopeshe 2,500 nitangulize 6,000, zinazobaki nakopa. Nitarudisha kabla ya Ramadhani inshaallah.

[19:21] Kassim Houston: [picha 4]

[19:22] Tatu: Weweee 🔥🔥🔥

[19:23] Shangazi Zainabu: Mashaallah jekundu. Linabeba watu wangapi?

[19:24] Kassim Houston: Watano shangazi. Milango minne, gari la familia kabisa. Injini V8 lita 6.4, nguvu ya farasi 485.

[19:25] Shangazi Zainabu: Farasi 485! Hapa Ngamiani punda mmoja wa maji anatushinda 😂😂

[19:26] Tatu: 😂😂😂

[19:27] Dada Mwajuma Dallas: Tusicheke kwanza. Kassim, unahitaji gari la kwendea kazini, hilo hakuna anayelikataa, Houston bila gari huendi kokote. Ninachouliza ni kwa nini hili. Bima umeuliza?

[19:40] Dada Mwajuma Dallas: @Kassim bima?

[19:52] Kassim Houston: Nimeuliza. 410.

[19:52] Dada Mwajuma Dallas: Kwa mwaka?

[19:58] Kassim Houston: Kwa mwezi.

[19:59] Mjomba Hamisi: Lahaula.

[20:03] Dada Mwajuma Dallas: Na mkopo amekupa riba gani huyo muuzaji?

[20:05] Kassim Houston: 17%, miezi 72. Ila anataka mdhamini. Nilifikiri wewe dada.

[20:11] Dada Mwajuma Dallas: Nimepiga hesabu. Ukikopa 16,500 kwa riba hiyo utalipa kama 367 kila mwezi, na mpaka umalize utakuwa umewalipa zaidi ya 26,400. Ongeza 410 za bima, unafika 777 kwa mwezi hujaweka hata tone la mafuta. Na injini hiyo inataka mafuta ya oktani 91, si yale ya bei ya chini. Kodi ya mauzo ya Texas ni 6.25%, yaani kama 1,406 nyingine, sijaiona popote kwenye hesabu yako. Mdogo wangu, unalipwa ngapi pale ghalani?

[20:12] Baba Mdogo Juma: Hilo gari usukani uko kushoto?

[20:13] Kassim Houston: Ndiyo baba mdogo, huku yote kushoto.

[20:14] Baba Mdogo Juma: Nilikuwa nafikiria ukilichoka ulilete Dar.

[20:15] Tatu: Likifika bandarini na ushuru wa uchakavu juu, la 2016 hilo, miaka 8 imeshapita. Tutauza nyumba kulikomboa.

[20:16] Shangazi Zainabu: Baba mdogo ameshaanza kuvaa miwani ya jua 😂

[20:17] Dada Mwajuma Dallas: Jamani. Kassim anatakiwa ajibu muuzaji Jumamosi. Naomba tuongee.

[20:31] Kassim Houston: Dada na mimi niseme. Gari hili halishuki bei kama mengine. Kiwanda cha Brampton, Kanada, kilimaliza kutengeneza toleo hili Desemba 2023. Nikilitunza naliuza kwa bei ileile.

[20:33] Dada Mwajuma Dallas: @Bakari Houston wewe unafanya kazi gereji ya bodi, haya ndiyo unayashika kila siku. Sema kitu.

[20:34] Dada Mwajuma Dallas: @Bakari Houston

[21:10] Dada Mwajuma Dallas: Watu 31 humu ndani, alama za bluu 24, wanaozungumza sita. Pesa ya mfuko ni ya wote, msije mkalalamika baadaye.

[21:15] Mjomba Hamisi: Mimi nimekaa kimya kwa sababu najua nikifungua mdomo mtanirudisha kwenye Fuso.

[21:16] Shangazi Zainabu: Hakuna aliyetaja Fuso kaka.

[21:16] Mjomba Hamisi: Mtaitaja.

[21:19] Baba Mdogo Juma: Umeitaja mwenyewe. Na kadi ya ile Fuso mpaka leo hii sijaiona kwa macho yangu.

[21:20] Mjomba Hamisi: Juma! Nani aliisikiliza injini pale Pongwe akasema "hii inakwenda mpaka Kigoma"?

[21:22] Baba Mdogo Juma: Injini haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa deni la mwenyewe wa kwanza, na hilo mimi nisingelisikia kwa sikio.

[21:23] Mjomba Hamisi: Shamba limekwenda, wewe unaniambia sikio.

[21:24] Shangazi Zainabu: Jamani usiku huu.

[21:30] Mama Kassim: Naomba mwanangu asiingizwe kwenye Fuso.

IJUMAA

[03:44] Kaka Bakari Houston: Nimetoka kazini sasa, samahanini. Nimesoma yote. Naandika mrefu kidogo.

[03:58] Kaka Bakari Houston: Kassim, gari ni zuri na mimi nalipenda, sitakudanganya. Ila la aina hii ukilinunua mkononi mwa mtu unanunua na tabia za aliyelikuwa nalo. Corolla iliyotumika miaka kumi ilikuwa ikienda sokoni. Scat Pack kuna uwezekano mkubwa ilikuwa ikichoma tairi kwenye maegesho kila Jumapili usiku, na hayo hayaandikwi popote.

Hizi Hemi, yaani injini za V8 kama ya hilo gari, zina ugonjwa wa lifta. Kuna kigurudumu kidogo kinachobiringika juu ya kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, kikikwama kinaanza kuila kamshafti yenyewe. Unasikia tik tik tik. Wakati mwingine mlio huo ni bolti za eksozi zimekatika tu, hiyo ni nafuu. Lakini kila muuzaji atakwambia ni bolti. Ikiwa ni lifta, utalipa maelfu ya dola, na waranti ya kiwanda ya gari la 2016 imeshakwisha.

[04:06] Kaka Bakari Houston: La pili, maji. Gari la 2016, kama lilikuwa Houston Agosti 2017, lilipitiwa na mafuriko ya kimbunga Harvey au liliponea. Sisi tumeyaona: bima inalilipa kama limekufa, mtu analinunua mnadani, analikausha, analipeleka kulisajili jimbo jingine, kadi inarudi safi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone mstari wa maji. Inua zulia, pitisha kidole kwenye reli za viti. Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17, iingize kwenye tovuti ya NICB, shirika la makampuni ya bima la kupambana na wizi, ni bure, itakwambia kama liliwahi kuripotiwa limeibwa au limekufa. Halafu iingize kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kuna marekebisho ya kiwanda hayajafanywa. Lakini NICB kusema safi haitoshi, wanaonyesha yale tu waliyoletewa na makampuni ya bima.

[04:11] Kaka Bakari Houston: Na usijitumainishe kwamba serikali imelikagua. Tangu Januari 2025 Texas haikagui tena usalama wa magari ya watu binafsi, hapa kwetu Harris County wanapima moshi tu. Breki na tairi ni juu yako. Pia usiseme "nitalirudisha ndani ya siku tatu". Sheria hiyo ya siku tatu haigusi gari ulilonunua kwenye yadi. Kwenye dirisha pana karatasi, ikiwa wameweka alama kwamba linauzwa kama lilivyo, ukitoka getini ni lako na ugonjwa wake.

[04:15] Kaka Bakari Houston: Wizi pia. Ndugu yake, Charger Hellcat yenye nguvu zaidi, ya 2020 hadi 2022, HLDI wanaokusanya takwimu za bima walikuta inaibwa zaidi ya mara 60 ya gari la wastani. Yako si Hellcat lakini umbo ni lilelile, na ile 410 yako kwa sehemu inatoka huko. Mwaka 2021 Dodge walitoa programu ya ulinzi, mtu asipoweka namba ya siri injini haizidi nguvu ya farasi 3. Uliza kama lilishawekewa.

[07:02] Shangazi Zainabu: Asubuhi njema, Ijumaa Mubarak. 🌹 Hizo farasi 3 ndizo zinazomtosha Kassim 😂

[07:05] Tatu: Shangazi 😂😂 baki na huyohuyo punda

[07:20] Baba Mdogo Juma: Bakari amesema kweli tupu. Naongeza la fundi. Kassim, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ameshalipasha ili usisikie mlio wa asubuhi. Liwashe mwenyewe likiwa baridi, simama pale dakika tano, usiongee na mtu, sikiliza. Angalia tairi za nyuma na za mbele kama ni za kampuni moja na tarehe moja, ubavuni pana namba nne, wiki na mwaka. Za nyuma zikiwa mpya peke yake ujue za zamani zimeishia kwenye moshi. Na fundi achomeke mashine aone kama kumbukumbu za kompyuta zimefutwa juzi. Mtu hafuti kitu kizuri.

[07:24] Mjomba Hamisi: Ungesema hivi Pongwe.

[07:25] Baba Mdogo Juma: 🙏🏾

[15:10] Dada Mwajuma Dallas: Nimeamka. Bakari Mungu akubariki. Kassim umesoma?

[15:48] Kassim Houston: Nimesoma. Ila nyote mnaongea kama nataka kuchezea. Nina miaka mitano huku nashukia vituo vya basi. Kila mtu pale kazini ana gari lake, mimi naomba lifti kama mtoto. Nimechagua kitu ninachokipenda mara moja.

[15:49] Mama Kassim: Pole mwanangu.

[15:55] Dada Mwajuma Dallas: Nakuelewa, wallahi nakuelewa. Ndiyo maana nasema tukague na si kwamba usinunue. Jumamosi saa tatu asubuhi, Bakari anakwenda nawe, gari linapelekwa gereji isiyo ya muuzaji. Gharama ya ukaguzi nalipa mimi. Ikiwa safi tunaongea mkopo kupitia chama cha akiba cha kazini kwangu, pengine riba inashuka. Udhamini bado sijasema ndiyo, Baba Salma hajarudi safari na siweki saini bila yeye kujua. Mfuko tupige kura. Andika 1 kwa kukubali, 2 kwa kukataa.

[15:57] Tatu: 1

[15:58] Shangazi Zainabu: Mimi nasubiri wakubwa.

[16:02] Mjomba Hamisi: 2. Na msiniulize sababu.

[16:05] Baba Mdogo Juma: 1 ikiwa limekaguliwa.

[16:06] Dada Mwajuma Dallas: Baba mdogo hiyo si kura.

[16:20] Shangazi Zainabu: Kuna mtu ana namba ya yule mpishi wa harusi ya Mwanaisha?

[16:21] Dada Mwajuma Dallas: Shangazi tafadhali.

[17:36] Tatu: Niko na Bibi. Nimemsomea yote, hata ya Fuso. Ameniambia niandike kama anavyosema nisipunguze.

[17:39] Tatu: "Kassim mjukuu wangu, gari nimeonyeshwa, ni zuri. Pesa ya mfuko tuliiweka kwa ajili ya mgonjwa na maiti. Wewe si mgonjwa, na hilo la pili sitaki kuletewa simu yake usiku. Ukitaka gari nunua kwa jasho lako, mimi nitakuombea. Na Hamisi na Juma: Fuso niliimaliza mimi, babu yenu akiwa kitandani anasikia. Nikiisikia tena nitajua mnangoja nife."

[17:40] Tatu: Mwisho wa maneno yake.

[18:22] Mjomba Hamisi: Nisamehe mama.

[18:23] Baba Mdogo Juma: Tumekusikia mama. Tusamehe.

[18:41] Kassim Houston: Shikamoo Bibi. Nimesikia.

[18:50] Dada Mwajuma Dallas: Basi mfuko tumeufunga. Ya kura isahauni. Bado ukaguzi wa Jumamosi upo, Bibi hakukataza gari, alikataza pesa. Kassim, ukikosa zile 2,500 unatanguliza nini?

[19:13] Kassim Houston: Kuna kitu sijasema. Jumatano nilimwachia 500 alishikilie.

[19:14] Dada Mwajuma Dallas: Kwa maandishi?

[19:15] Kassim Houston: [picha]

[19:19] Kaka Bakari Houston: Niko mapumziko ya chakula. Soma mstari wa chini kabisa Kassim, ule wa herufi ndogo. Imeandikwa hairudishwi.

[19:20] Mama Kassim: Mia tano za dola?

[19:24] Kaka Bakari Houston: Mama, bora ziende 500 kuliko kufuata 500 na 22,000. Asiliwekee roho kwa sababu ya hiyo amana. Mimi kesho nipo. Swali ni moja tu, amekubali litoke yadini kwenda kwa fundi wetu?

[19:25] Dada Mwajuma Dallas: @Kassim jibu hilo.

[19:47] Dada Mwajuma Dallas: @Kassim

[20:30] Kassim Houston: Amesema fundi wake ameshalikagua, hakuna haja. Nikamwambia sisi tunataka wetu. Akasema atanipigia.

[20:32] Baba Mdogo Juma: Hatapiga.

[20:33] Kaka Bakari Houston: Akikataa mimi siji na wewe usiende peke yako. Ikifika saa tatu bila jibu kuna Camry ya 2017 nimeiona Pasadena, mwenyewe namjua, tunaweza kupita.

[20:35] Kassim Houston: Camry kaka 😩

[20:36] Shangazi Zainabu: Camry ina farasi wangapi?

[20:38] Dada Mwajuma Dallas: Mpigie wewe sasa hivi Kassim, usingoje akupigie. Halafu andika hapa.

[22:05] Mwanaisha Muscat: Salaam, nilikuwa kazini simu imezima. Gari la nani? Na mpishi namba yake ninayo shangazi, nakutumia.