Naombeni mawazo: mapambo ya Krismasi ya kutengeneza na watoto, bajeti ni elfu 30

Mama Neema, Kigamboni

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, kwenye kigango chetu. Mwaka huu kamati imetukabidhi sisi na watoto kupamba kanisa kwa ajili ya Krismasi: mti, pango la kuzaliwa Yesu, na ule ukuta ulio nyuma ya kwaya. Tumepewa shilingi 30,000 na hakuna nyongeza. Nilipita Kariakoo kuulizia, mti wa plastiki wa kimo cha kuonekana kanisani unamaliza hela yote na bado haujavishwa kitu. Kuchangisha tena sitaki. Wazazi wametoka kwenye michango ya ujenzi, na Januari ya ada hiyo inakuja.

Hata hela ingekuwepo, bado ningependa watoto watengeneze kwa mikono yao. Mtoto akiingia kanisani akaiona nyota yake imening'inia pale juu, sikukuu inakuwa yake kabisa.

Tulivyo navyo bure: mifuko mitupu ya saruji, vizibo vya soda, kalenda za mwaka huu unaoisha, minazi nyuma ya kanisa, na mama mmoja mshonaji ana kiroba kizima cha vipande vya vitenge. Watoto ni wa miaka 6 hadi 13.

Naomba ushauri wa mti, wa gundi (za dukani zinakula hela), na hili jingine: nimeona mtandaoni watu wanakanda unga wa ngano na chumvi, wanakata nyota na malaika, wanaoka. Kuna aliyejaribu huku pwani? Desemba ya huku mnaijua, joto na unyevu. Karatasi inajikunja, gundi inaota ukungu.

Natanguliza shukrani.

Fundi Mbao

Dada, mti usikuumize kichwa. Mko Kigamboni, mivinje imejaa ufukweni. Ila msikate ovyo. Tafuta nyumba au hoteli wanaopogoa mivinje yao, waombe matawi, wengi wanayatupa tu. Chagua moja nene lililonyooka liwe shina, mengine uyafunge kuanzia chini kwenda juu kwa waya laini wa kufungia nondo, marefu chini na mafupi juu. Simamisha kwenye ndoo ya lita 20 yenye mchanga ulioshindiliwa na kuloweshwa vizuri, kisha ongeza maji kila siku. Mchanga uliolowa ni mzito, ndoo haitapinduka watoto wakipita, na matawi yanachelewa kukauka.

Kasoro ya mvinje ni kwamba vitawi vyake ni vyembamba, vinalegea. Vizibo vya soda msiviweke huko, vitaufanya uiname. Vitungeni kwenye uzi vikae ukutani au mlangoni.

Mtanzania Berlin

Nimejibu kwa ajili ya unga na chumvi, huku tunafanya kila mwaka na wanangu. Vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, maji kama kikombe 1 lakini tia polepole. Kanda mpaka ulainike, sukuma unene wa chapati, kata, na toboa tundu la uzi kabla ya kuoka, ukisahau hapo baadaye vinapasuka. Oka kwa moto mdogo sana, saa mbili hadi tatu. Kwangu vinakaa mwaka hadi mwaka.

Mpemba wa Mjini

Ndugu yangu wa Berlin, kwako vinakaa kwa sababu wakati wa baridi mnawasha hita na hewa ya ndani inakuwa kavu. Huku kwetu chumvi inavuta maji kutoka hewani. Mama Neema, angalia kibakuli cha chumvi jikoni kwako mwezi huu, kisha fikiria malaika wa namna hiyo akining'inia karibu na bahari kwa wiki mbili. Atalegea na kukatika tunduni. Dawa yake ni vanishi pande zote, na vanishi ndiyo itakayowamalizia hela. Halafu sisimizi na panya wote watakuja.

Huo unga wapikieni watoto maandazi siku ya kazi. Badala yake waokote maganda ya ule mti wa maua mekundu ambao wengi huko bara wanauita mkrismasi. Maganda yake makavu ni marefu, magumu, na mbegu zikiwa bado ndani yanalia yakitikiswa. Yapake rangi ya dhahabu upande mmoja tu, yafunge matatu matatu kwa utepe wa kitenge. Hayo unyevu hauyasumbui, yamezoea mvua.

Bi Ukindu, Tanga

Mwanangu, salaam. Mimi ni Mwislamu, ninayopamba ni madrasa wakati wa Maulidi na Idi, lakini hili la nyota naliweza, na kwa kuwa mna minazi msinunue hata moja.

Chukueni chelewa, hizi za fagio. Kata sita zinazolingana, urefu wa shubiri. Funga tatu ziwe pembetatu, tatu nyingine vilevile. Laza moja juu ya nyingine, hii ncha juu na ile ncha chini, kisha funga uzi kila zinapopishana. Hapo una nyota ya ncha sita, na mtoto wa miaka saba anaiweza akionyeshwa mara moja.

Sasa ivisheni. Ukindu mkavu unauzwa sokoni kwa mafungu, na rangi ya unga ya kuchovyea ukindu wa mikeka inauzwa palepale kwa vipakiti. Chemsha maji, tia rangi, chovya ukindu huku unageuza mpaka ushike, uanike kivulini. Kabla ya kuvisha, ulowanishe kidogo uwe laini, la sivyo unavunjika ukiukunja. Zungusha kwenye chelewa ukiwa umeukaza, na mwisho wake uuchomeke chini ya mizunguko. Hakuna gundi hapo. Wekundu na kijani zinatosha, na ukindu usiotiwa rangi uache mweupe wake, unapendeza penye taa.

Angalizo: msivishe kwa ukuti mbichi wa mnazi. Leo unang'aa, wiki ijayo umesinyaa na kila kifundo kimelegea.

Mama Neema, Kigamboni

Shikamoo Bi Ukindu, na asante sana mama. Hili la chelewa lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuliwaza kabisa. Wakubwa nikiwapa kuvisha na wadogo wafunge, kila mmoja ana kazi.

Unga na chumvi basi, nimeacha. Bado pango na gundi.

Katekista Mstaafu

Mwanangu, pango ndilo nimelijenga maisha yangu yote, nitaandika kidogo kirefu.

Mifuko ya saruji ndiyo yenyewe, ile ya karatasi ya kaki. Ya viroba haishiki umbo. Vumbi la saruji si la mchezo kwa macho na kifua, kwa hiyo kuikung'uta iwe kazi ya watu wazima, nje, na kitambaa usoni. Ichane upate karatasi pana. Ifikiche sana, mpaka makunyanzi yawe mengi, kisha ikunjue nusu tu. Kiunzi tengeneza kwa fito au maboksi, ivike hiyo karatasi juu yake na kuishikiza kwa waya. Usiinyooshe popote, maana jiwe halina sehemu iliyonyooka. Rangi usinunue. Chukua udongo mwekundu uliochekechwa na majivu ya kuni, kila kimoja na chombo chake, changanya na uji wa gundi, paka kwa tambara. Majivu kwenye migongo ya makunyanzi, udongo kwenye mabonde. Chini mwaga majani makavu ya mgomba.

Sanamu za plasta msizililie. Mtakatifu Fransisko alipofanya pango lake kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitafuta hori, nyasi, na ng'ombe na punda walio hai. Watoto wako wanajua kutengeneza wanasesere wa magunzi. Gunzi moja mwili, maganda ya mahindi nywele, na vile vitenge viwe mavazi. Nimeona Maria wa gunzi aliyevishwa kitenge, na watu walipiga magoti mbele ya pango lile kwa heshima yote.

La mwisho ni muhimu kuliko yote. Majilio ni kipindi cha kungoja, mapambo huwa ya kiasi. Msipambe mapema. Tengenezeni Majilio yote, mhifadhi, mtundike tarehe 23 au 24, na Mtoto awekwe horini Mkesha. Hapo hata hofu yako ya unyevu inapungua, kwa sababu vitu vitakaa hewani mpaka Ubatizo wa Bwana tu, si miezi miwili kama madukani.

Mwl. Sanaa

Naunga mkono tarehe za Katekista. Gundi sasa.

Unga wa ngano kikombe kimoja, koroga na maji baridi mpaka mabonge yaishe. Maji vikombe vinne yachemke, mimina ule mchanganyiko huku unakoroga bila kuacha, mpaka uanze kung'aa. Epua, tia kijiko cha siki kuchelewesha ukungu. Pika ya siku hiyohiyo, inayobaki mwaga. Na ipakwe nyembamba! Ukungu mwingi unatokana na watu kupaka gundi nene isiyokauka ndani. Kwa kalenda tumia wanga wa muhogo badala ya ngano, ukikauka hauonekani.

Kalenda zenyewe zikatwe pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu sentimita 25 au hata zaidi. Viringisha kwenye kijiti cha mshikaki kuanzia kitakoni, gundi iwe kwenye ncha tu, chomoa kijiti. Unapata shanga yenye tumbo katikati. Ndizo hizi zinazotengenezwa sana Uganda na kuuzwa hadi Ulaya. Mkufu wa shanga hizo kwenye mvinje hauna uzito wowote.

Kijana wa Kkoo

Mama, bila kukuvunja moyo, hesabu vizuri. Mti wa plastiki ukinunuliwa leo unakaa miaka mingi. Huo wa mvinje kila mwaka mnaanza upya. Ongeeni na kamati mlipe kidogokidogo.

Mama Neema, Kigamboni

Mdogo wangu, hesabu yako ni sahihi kwa mtu wa nyumbani, na sikatai. Ila nikipeleka mti wa plastiki, watoto hawa kazi yao itakuwa kukaa chini na kuutazama. Nyota za chelewa nazo zitabaki mwaka hadi mwaka, kinachobadilika ni matawi tu.

Mama wa KKKT, Moshi

Shemeji zetu Wakatoliki, hata sisi tunachangia. Msisahau taji la Majilio, ni rahisi kuliko vyote na linaruhusiwa tangu Jumapili ya kwanza. Linatokana na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini Hamburg. Mwaka 1839 alitumia gurudumu la mkokoteni, mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, ili watoto waone Krismasi imebakiza siku ngapi. Sisi Moshi tunasokota magome makavu ya mgomba yawe duara, tunachomeka majani mabichi. Kwenu nadhani ni zambarau tatu na ya waridi moja kwa Jumapili ya tatu. Mishumaa myeupe ya kawaida ikivishwa utepe wa kitenge wa rangi hizo chini yake inatosha. Kila mshumaa usimame kwenye kikopo cha mchanga, usichomekwe kwenye magome.

Fundi Umeme

Naongezea hapo hapo kwa mama wa Moshi. Mvinje uliokauka, karatasi na ukindu vyote vinashika moto haraka sana. Mshumaa wowote usikae karibu na mti wala pango. Taa za kumetameta nunueni za LED, hazipati joto kama zile za balbu ndogo za zamani. Kabla ya kutundika ziwasheni chini kwa nusu saa, pitisheni mkono kwenye waya wote, palipo na joto au waya uliochubuka msitumie. Zisiunganishwe kwenye ekstensheni moja na spika za kwaya. Mtu mmoja apewe jukumu la kuzima baada ya ibada, kwa jina.

Mama Neema, Kigamboni

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mungu awabariki wote, Waislamu na Wakristo.

Nimepanga hivi: ukindu na rangi, waya, uzi, unga na siki, vyote visizidi nusu ya hela. Inayobaki ni taa za LED, na ikisalia chochote ni mafuta ya maandazi, nimemsikia Mpemba. Jumamosi tunaanza na chelewa.

Swali moja la mwisho: vitu vitakavyokuwa vimekamilika nitavihifadhi wapi mpaka tarehe 23? Stoo ya kanisa ina mende.

Bi Ukindu, Tanga

Ndoo zenye mifuniko, mwanangu, zile za rangi za ukutani zikioshwa vizuri. Anika kila kitu juani asubuhi mpaka kikauke kabisa, kiache kipoe kivulini ndipo ukifunike, ukifunika cha moto kinatoa jasho humo ndani. Tia majani makavu ya mwarobaini chini na juu. Shanga zenye gundi ziwe ndoo yake, nyota zake. Na kila Jumamosi funua uangalie.