Mchele wa Kyela usio wa Kyela: nikiri mpaka wapi?

MamaMchele_Mbeya
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nauza mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya, huu ni mwaka wa 9. Mimi ni Mmoraviani, naimba sauti ya pili kwaya kuu. Jumapili nikitoka ibadani hupitia kibandani na sare ya kwaya, ndiyo maana wateja wananiita Mama Kwaya. Jina hilo sasa linanichoma.

Wanaojua mchele wanajua wa Kyela ukichemka hata nyumba ya tatu wanausikia. Bei yake iko juu. Mchele aina ya Saro wa Mbarali ni mzuri na unajaa sufuria, ila harufu ni kidogo na bei ni ya chini. Ukimwaga gunia la Saro kwenye turubai, ukatia madebe mawili ya Kyela, ukachanganya na koleo, harufu inapanda kiasi cha kumtosha msafiri aliyeshuka basi kwa dakika kumi. Gunia zima linakwenda kwa bei ya Kyela. Nimefanya hivyo miaka 6. Alinifundisha mama mmoja mkarimu sana, aliyeniachia kibanda chake nilipokuwa sina kitu, kwa hiyo sikuona kama ni wizi.

Kwaresima hii mteja wangu wa Dodoma alinipigia: “Mama Kwaya, nitumie kilo 50 za Kyela, tumefiwa na baba. Siulizi kwingine, wewe ni mtu wa Mungu.” Koleo lilikuwa mkononi, turubai limetandazwa. Nilikaa juu ya gunia nikashindwa kuendelea. Nilimtumia Kyela mtupu, na tangu siku ile sijachanganya.

Shida ni hizi. Mteja akiuliza kwa nini bei ya Kyela yangu imezidi ya jirani, nikimweleza nimewafichua wenzangu, nikinyamaza anaondoka. Majirani wawili hawanisalimii tena, na mmoja tunaimba naye. Halafu wateja wa zamani: huyo wa Dodoma hajui alichokula miaka yote. Nimwambie? Mume wangu anasema nimeshatubu kwa Mungu, nisivunje biashara inayosomesha watoto watatu. Naomba ushauri, hasa wa wafanyabiashara.

Nafaka_Songea
Pole dada, na hongera. Kuchanganya si dhambi, dhambi ni kuficha. Mimi nina vibao vitatu: KYELA, SARO, MCHANGANYIKO, kila kimoja na bei yake. Huo mchanganyiko mama ntilie wanaugombania, kwa sababu unanukia na hauwaumizi mfukoni. Mteja akikutajia bei ya jirani, mpe punje atafune, anuse kiganjani, kisha mwambie akanuse na kule. Hujamsema mtu. Ila jiandae: kwangu mauzo yalishuka miezi mitatu nzima, na nilikopa ada.

Kijana_Makambako
Shikamoo mama. Kuacha umefanya vizuri, lakini kuwapigia watu simu sikubaliani. Walikula, wakashiba. Ukianza kukiri watasema walokole ndio wezi wakubwa, na kanisa litachafuka kwa ajili yako.

Mzee_wa_Kanyigo
Mwanangu wa Makambako, hapo nakupinga. Mimi ni wa Kagera. Bibi yangu aliokoka katika ule uamsho wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930, uliopita Uganda ukafika kwetu baadaye. Wale ndugu walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, na aliyetubu alirudisha. Bibi alikuwa amemwibia shemeji yake jembe kabla baba yangu hajazaliwa. Jembe lenyewe lilishalika likaisha, basi akauza ndizi, akanunua jipya, akalibeba kichwani mpaka kwa shemeji na kusema mbele ya watoto wake wote. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka shemeji alivyoligeuzageuza lile jembe bila kusema kitu. Ukoo ule haukulichukia kanisa kwa sababu ya bibi. Mama, Zakayo alirudisha mara nne. Wewe anza na huyo mmoja wa Dodoma.

Abuu_Tanga
Samahani kuingilia, mimi ni Muislamu. Kwetu ipo sura ya 83, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, kwa hiyo jambo hili nalielewa. Nikienda Tunduma hununua mchele hapo Mbeya. Kama ningekuwa huyo wa Dodoma ningekasirika sana, lakini ningetaka kuambiwa na wewe mwenyewe kuliko kuja kusikia kwa mtu.

MamaMchele_Mbeya
Asanteni. Shikamoo mzee, habari ya jembe nimemsomea mume wangu jana usiku. Alikaa kimya, kisha akasema piga.

Nimepiga leo saa moja asubuhi kabla sijafungua. Nimemweleza yote, miaka 6. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, “Hata ule wa msiba?” Nikamwambia hapana, ule ulikuwa Kyela mtupu. Akasema sawa, akakata. Hajapiga tena.

Nimemtengea kilo 100 za Kyela, zinaondoka na basi la kesho, awe amenisamehe au la. Wengine nitawafuata mmoja mmoja kwa kadiri ninavyoweza kulipa. Vibao nimempa fundi rangi, vitakuwa tayari Jumamosi. Jioni ya siku hiyo tuna mazoezi ya kwaya, na yule jirani naye ni sauti ya pili, tunakaa benchi moja. Niombeeni.