Pulp wamerudi baada ya miaka 24, mliowajua zamani mnaisikiaje hii More?

Kijana wa Nzuguni
Wakuu habari za jioni. Najua humu wengi ni singeli na bongofleva ila watu wa roki nao wapo, mnajificha tu. Juzi natoka Dar na treni ya umeme nikasema leo naisikiliza ile More ya Pulp, wale jamaa wa Sheffield kule Uingereza, maana toka itoke Juni 2025 naipiga chenga tu. Albamu yao ya mwisho kabla ya hii ni ya 2001 aisee, mimi niko darasa la pili hapo. Nikachomeka masikioni, kufika Morogoro nimeimaliza, nikairudia, tukaingia yale mahandaki ya Kilosa mtandao ukakata katikati ya wimbo (sikupakua, uzembe wangu) nikabaki naangalia giza dirishani na jirani anakoroma. Nimefika Dodoma na mpaka sasa sielewi kama naipenda albamu yenyewe au nafurahi tu kwamba wamerudi. Spike Island unachezeka kabisa, lakini kule mwishoni zinapoa mpaka nikahisi nimekaa msibani.

Mama Zabibu
Mdogo wangu karibu chamani. Mimi niliwajua kwa kaseti ya kurekodia, upande A ni albamu yao ya Different Class nzima, upande B kwaya ya kanisani kwetu Mpwapwa, sijui kaka yangu alifikiria nini. Nikuambie tu, Jarvis Cocker, mwimbaji wao, hajawahi kuwa na sauti ya ajabu, uzuri wake anasimulia kama jirani aliyechungulia dirishani akaona jambo. Hapo hajabadilika. Kilichobadilika ni umri, ana zaidi ya 60 sasa, anaimba mambo ya kukua na kuzeeka bila kujifanya kijana. Ule wimbo wa kukutana na mtu kwenye soko la wakulima mimi niliusikiliza huku nachagua nyanya pale Majengo, jamani nilisimama muuzaji akaniuliza mama unanunua au unaswali 😂 Hizo za taratibu zirudie usiku, sio kwenye treni.

Fundi Spika
Mi napingana kidogo dada yangu. Nimeipiga kwenye spika kubwa hapa kibandani Chang'ombe, imesafishwa mno. Ile Pulp ya zamani ilikuwa na ukorofi, kinanda cha Candida Doyle kinalia kama cha dukani cha bei rahisi na ndio utamu wenyewe. Hapa fidla kila kona, kila kitu kimepigwa pasi. Halafu besi. Steve Mackey, mpiga besi wao, alifariki Machi 2023, wamemtolea hii albamu kama heshima, sawa, ila pengo nalisikia, usiniambie silisikii. Na hiyo namba moja waliyopata Uingereza msinitishie nayo, watu wamenunua ujana wao.

Mama Zabibu
Fundi acha roho mbaya, wimbo mmoja tu wa Got to Have Love ungekutosha, huo nao umepigwa pasi?

Fundi Spika
Huo nakupa. Huo ni moto.

Mzee wa Makulu
Vijana, ngojeni niwaulize. TX Moshi William, yule mwimbaji wa bendi ya Msondo, alipofariki mliwahi kwenda kwenye ukumbi wanaopiga Msondo? Mimi nilienda. Bendi imepanda na nyimbo mpya, wamezifanyia mazoezi kabisa, watu wanapiga kelele wanataka zile za zamani, mpiga gitaa anatabasamu lakini macho yanakwambia kitu kingine. Ndio mtihani wa bendi yoyote kongwe, Sheffield au Ilala. Hawa Pulp wameanza 1978, Jarvis ana miaka 15 yuko shuleni, wamekuja kupata jina miaka ya 90. Kwenye tamasha la Glastonbury 1995 waliitwa dakika za mwisho kwa sababu mpiga gitaa wa Stone Roses, bendi nyingine ya huko huko Uingereza, alianguka na baiskeli akavunjika mfupa wa bega, wakapanda wao. Sasa huo wimbo wa kwanza unaitwa Spike Island, na Spike Island ndipo Stone Roses walipofanya tamasha lao kubwa 1990. Mtu anafungua albamu ya kurudi kwa kutaja mahali pa sherehe ya wenzake! Huyo hauzi ujana fundi, huyo anautania.

Kijana wa Nzuguni
Mzee shkamoo. Hiyo ya baiskeli sikuijua kabisa, nimeurudia sasa hivi nimejikuta nacheka peke yangu kwenye bodaboda. Ila Fundi kuhusu besi ulichosema kimenikaa kichwani, sasa kila wimbo nasikiliza pengo badala ya wimbo, umeniharibia.

Fundi Spika
😂 Njoo kibandani Jumamosi uje na simu yako, ila PAKUA kwanza, hapa kwangu mtandao ni kama ule wa mahandakini. Mzee wa Makulu na wewe uje na hizo kaseti za Msondo.

Mzee wa Makulu
Marahaba kijana. Kaseti ninazo, deki mnayo?